Mtoto Akiumizwa Kambini: Mwongozo wa Kulifikisha Shauri Polisi Kabla Uongozi Haujalizima

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi mkoani Mwanza ambaye mtoto wake yuko akademi ya soka, timu ya vijana au kambi ya UMITASHUMTA na UMISSETA (michezo ya shule za msingi na sekondari), na amesikia au anashuku kwamba kocha, meneja au mlezi wa bweni amemfanyia ukatili wa kingono.

Kosa linalorudiwa ni lilelile: mzazi anaanzia kwa mkurugenzi wa akademi. Anaitwa kwenye kikao, anapewa soda na maneno laini, anaahidiwa ada ya mwaka mzima. Wiki mbili baadaye nguo zimeshafuliwa, simu ya kocha imebadilishwa, na mwenyewe yuko mkoa mwingine akifundisha watoto wengine. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili jambo hilo lisitokee. Fuata mpangilio wake.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari moja jipya la kurasa zilizoshonwa, na kalamu ya wino. Karatasi zisizoshonwa hupotea, na wakili wa utetezi huuliza iliyochomolewa iko wapi.
- Mifuko ya karatasi ya kaki 4 au 5, na bahasha kubwa. Mifuko ya plastiki hapana. Sababu iko hatua ya 2.
- Uthibitisho wa umri: cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), au kadi ya kliniki, au rekodi ya shule.
- Nguo za kubadili za mtoto, chupi mpya ikiwemo.
- Salio la simu na nauli ya kwenda na kurudi siku mbili.
- Mtu mzima mmoja wa kuongozana nawe: shangazi, jirani, yeyote anayeweza kukaa kimya.

Umri usiupuuze. Chini ya miaka 18, ridhaa ya mtoto haina maana kisheria, lakini upande wa mashtaka lazima uuthibitishe umri huo. Kesi zimeanguka kwenye rufaa kwa sababu hakuna aliyesema mahakamani mtoto alizaliwa lini. Kama cheti hakipo, kumbuka kwamba mzazi mwenyewe anaweza kuueleza umri kwa kiapo, na daktari pia. Usiache kwenda polisi kwa kukosa karatasi ya RITA.

Namba za bure: 116 (Huduma ya Simu kwa Mtoto), 112 (polisi), 113 (TAKUKURU).

## Hatua ya 1: Msikilize mtoto mara moja tu, kisha andika

Kaeni mahali tulivu, mtoto asiwe na njaa. Uliza maswali yasiyo na jibu ndani yake: "Ilikuwaje?" "Halafu?" "Mlikuwa wapi?" Usiulize "Mwalimu alikushika hapa?" Mtoto akishapewa jibu mdomoni, utetezi utasema amefundishwa, na hakimu anaweza kukubali.

Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Akisema kwa Kisukuma au Kikerewe, andika kwa Kisukuma au Kikerewe, usitafsiri. Akitumia jina la utani la kiungo, acha hilohilo. Andika tarehe, saa, nani alikuwepo, na hasa jina alilolitaja mara ya kwanza. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imerudia mara nyingi kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kunaongeza uzito wa ushahidi, na kuchelewa bila maelezo kunautia shaka. Kama mtoto alikaa miezi mitatu kimya, andika sababu aliyoitoa: alitishiwa kuondolewa kikosini, aliahidiwa majaribio Dar es Salaam, au aliogopa baba. Hayo ndiyo maelezo mahakama itakayoyataka.

Mwambie mambo matatu: nakuamini, si kosa lako, na nitawaambia watu wanaoweza kusaidia. Usimwahidi kwamba utafanya siri. Huwezi kuitimiza ahadi hiyo.

Mtoto wa kiume anahitaji neno la ziada. Kwenye soka la vijana wavulana ndio wengi, na familia nyingi huficha kwa hofu ya aibu au kwa kudhani mtoto mwenyewe atashtakiwa. Kisheria aliyelawitiwa akiwa mtoto ni mwathirika. Kwa anayemlawiti mtoto chini ya miaka 18 adhabu ni kifungo cha maisha. Kwa kumbaka msichana, adhabu huanzia miaka 30, na aliye chini ya miaka 10 ni maisha. Kushikwashikwa bila kuingiliwa nako ni kosa la jinai, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hajafanywa kitu".

Wachezaji wenzake usiwahoji. Andika majina ya wanaoweza kuwa wanajua, umpe mpelelezi. Ukizunguka bwenini kuuliza, habari itamfikia mtuhumiwa kabla ya jioni.

Umefanikiwa kama: una ukurasa mmoja au miwili, umesaini na kuweka tarehe, na mtoto amesimulia mara moja tu.

## Hatua ya 2: Hospitali ndani ya saa 72

Saa zinahesabiwa tangu tendo, si tangu ulipojua. Ndani ya saa 72 mtoto anaweza kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU (PEP), ambazo humezwa kwa siku 28 mfululizo. Zikianza mapema zaidi ndivyo zinavyofaa zaidi, kwa hiyo usisubiri hata usiku mmoja. Msichana aliyevunja ungo anaweza kupewa dawa ya dharura ya kuzuia mimba hadi saa 120. Uliza pia chanjo ya homa ya ini B na tiba ya magonjwa ya zinaa. Kipimo cha VVU hufanyika siku hiyo na kurudiwa, kwa kawaida wiki ya 6 na mwezi wa 3. Andika tarehe hizo daftarini, kwa sababu watu wengi husahau marudio.

Kabla ya kuondoka: asioge, asisafishe sehemu za siri, asipige mswaki kama mdomo ulihusika. Nguo za siku ile usizifue. Kila nguo na mfuko wake wa karatasi. Plastiki hushika unyevu, na kwa joto la ziwani ukungu huota haraka na kuharibu vielelezo. Nguo mbichi ianike kivulini kwanza. Juu ya mfuko andika: nguo gani, ya nani, imetolewa lini, na nani.

Jijini pana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure na Bugando. Mapokezini ulizia huduma ya Mkono kwa Mkono: daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, mtoto asizungushwe. Ukiwa Ukerewe, anzia hospitali ya Nansio, usingoje kivuko cha kesho kwenda mjini. Kutoka Ukara, kituo cha afya cha Bwisya kinaweza kukuanzia.

PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari hujaza. Ni bure. Kama umefika hospitali kwanza, omba matibabu yaanze na fomu ifuate siku hiyohiyo. Mtu akikuambia dawa ya VVU haitolewi bila PF3, omba kuonana na mganga wa zamu na mweleze saa zilizobaki.

Imepita saa 72, au miezi? Nenda hata hivyo. Na usivunjike moyo daktari akiandika kwamba hakuna jeraha. Michubuko hupona kwa siku chache, na matendo mengi hayaachi alama. Katika mahakama zetu ushahidi bora wa kosa hili ni wa aliyetendewa. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kutia hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Umefanikiwa kama: dawa zimeanza, tarehe za marudio zimeandikwa, na PF3 imejazwa, imesainiwa na kugongwa muhuri.

## Hatua ya 3: Polisi, na usiondoke bila RB

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto. Kama kituo cha karibu hakina dawati, taarifa yako ipokelewe hapohapo na jalada lihamishiwe. Vivyo hivyo kama tendo lilitokea safarini, tuseme kwenye mashindano Bukoba au Musoma: unaripoti ulipo.

Omba namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Iandike daftarini pamoja na jina na cheo cha askari, saa na tarehe. "Nendeni tu, tutawapigia" bila RB maana yake hakuna kilichofunguliwa.

Soma maelezo kabla ya kusaini. Angalia vitu vitano: umri, tarehe au kipindi, mahali, jina la mtuhumiwa, na tendo lenyewe kwa maneno ya wazi. Maelezo yanayosema "alimfanyia vitu vibaya" hayathibitishi kosa lolote. Mtoto akisema "aliingiza uume wake", iandikwe hivyo. Aibu ya mwandishi imewaponza watoto wengi.

Usahihi huu una uzito hata kwenye vyombo vya michezo. Mwaka 2020 FIFA ilimfungia maisha rais wa shirikisho la soka la Haiti kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono, ambazo alizikana. Mwaka 2023 mahakama ya michezo, CAS, ilifuta adhabu hiyo, ikisema ushahidi haukutosha na maelezo ya mashahidi hayakulingana. Kumhoji mtoto mara kumi, na watu kumi tofauti, kunazaa maelezo kumi yasiyofanana.

Kabidhi mifuko ya nguo kwa askari, na hati ya makabidhiano isainiwe. Uliza mpelelezi kama sampuli zinahitaji kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza.

Simu ni kielelezo pia. Usifute ujumbe, na usibadilishe simu. Onyesha chati na miamala ya pesa kwenye kifaa chenyewe, maana picha ya skrini pekee ni rahisi kupingwa. Onyo kubwa: kama kuna picha za utupu za mtoto, usizitume kwa mtu yeyote, hata kwa mjomba wake wakili, hata "kwa ajili ya ushahidi". Kusambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na utageuka mshtakiwa wewe. Mpe askari simu na hati ya kupokea.

Mpe mpelelezi orodha ya vitu anavyoweza kuvikamata haraka: kitabu cha wageni cha gesti timu ilipolala, orodha ya wasafiri wa basi, ratiba ya mazoezi, rejista ya bweni, rekodi za kamera za getini. Kitabu cha gesti ndicho watu hukisahau, na ndicho huonyesha nani alilala chumba kimoja na nani.

Umefanikiwa kama: una RB, jina na namba ya mpelelezi, na hati ya vielelezo.

## Hatua ya 4: Ustawi wa jamii

Fupi hii. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri (Jiji, Ilemela, au wilaya yako) na nakala ya RB. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa aripoti serikali ya mtaa, kwa hiyo hujapeleka umbea. Afisa huyu ndiye atakayehakikisha mtoto haendi bwenini tena, atapanga ushauri nasaha, na atakaa na mtoto wakati wa mahojiano kama wewe huwezi. Kama mtuhumiwa ni ndugu au mfadhili wa familia, anzia kwa afisa huyu wa ustawi, au piga 116.

## Hatua ya 5: Sasa andikia akademi

Barua hii haiendi kabla mpelelezi hajakubali. Ukimtangulia, mtuhumiwa atajua kwamba anatafutwa.

Isiwe na jina la mtoto wala simulizi ya tendo. Mfano:

> "Nawataarifu kwamba shauri linalomhusu mtoto aliye chini ya uangalizi wenu limefunguliwa Kituo cha Polisi ______ tarehe ______. Nataka: (1) mtajwa, ambaye polisi watawajulisha, asikutane na mtoto yeyote wa akademi, uwanjani, bwenini au safarini, (2) rejista, ratiba, mawasiliano na rekodi za kamera visiharibiwe, (3) mtoto wangu asiitwe kwenye kikao wala kamati yoyote ya ndani, (4) nafasi yake kikosini na ada yake visiguswe kwa sababu ya taarifa hii. Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 3."

Chapa nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo. Wakikataa kugonga, tuma kwa rejesta ya posta na utunze risiti.

### Namna wanavyozima, na cha kujibu

"Tuunde kamati ya ndani kwanza." Akademi haina mamlaka ya kuchunguza ubakaji. Jibu: "Mzee, nimeshafungua RB. Maswali yote yapelekwe kwa mpelelezi." Usiseme zaidi.

"Mlete mtoto aseme mbele ya mwalimu wake." Usimpeleke. Ni kumtisha mtoto mchana kweupe.

"Tusaini makubaliano tusiharibu jina la taasisi." Usisaini chochote. Kupokea mali ili kuficha kosa kubwa ni kosa la jinai kwa anayepokea, maana yake wewe. Fidia ipo, lakini huamriwa na mahakama pamoja na kifungo. Wanaokuambia uchague pesa au kesi wanakudanganya.

"Tumempa likizo", "amejiuzulu mwenyewe". Hii ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama ushindi. Barua ya kujiuzulu inamtoa akiwa safi, na akademi ya Shinyanga au Geita itampokea na wasifu mzuri. Mjulishe mpelelezi siku hiyohiyo kwamba mtuhumiwa anaondoka mkoani.

Mtoto anafukuzwa kwa "utovu wa nidhamu". Omba barua ya kufukuzwa. Tarehe yake ikifuata tarehe ya barua yako kwa siku chache, mpe Wakili wa Serikali.

Kocha aliomba ngono ili ampange au ampeleke majaribio. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Ripoti 113 sambamba na polisi. Mfanyakazi wa akademi anayejua na anaogopa kusema aelezwe kwamba kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Matroni na mpishi huona mengi.

Usiposti jina la mtoto wala la mtuhumiwa kwenye grupu la wazazi. Kumtambulisha mtoto kunamuumiza mara ya pili, na utetezi utadai mashahidi wamepatana huko WhatsApp.

## Hatua ya 6: Vyombo vya michezo

Kesi ya jinai inaweza kuchukua muda mrefu huku mtuhumiwa akiwa nje kwa dhamana na filimbi shingoni. Kwa hiyo andika, ukiambatisha RB bila maelezo ya mtoto, kwa chama cha soka cha mkoa, TFF, shirikisho la soka la nchi (kwa kamati yake ya maadili), Baraza la Michezo la Taifa, na Afisa Michezo wa halmashauri. Omba asimamishwe kufundisha watoto kote nchini, siyo Mwanza tu. Kama ni shule, nakala kwa Afisa Elimu. FIFA nayo hupokea taarifa za siri mtandaoni, na inaweza kuifanya adhabu ya shirikisho la nchi itambulike duniani.

Polisi kwanza, hawa baadaye. Usigeuze.

## Hatua ya 7: Fuatilia kila wiki mbili

Kupeleka taarifa hakutoshi. Marekani, viongozi wa jimnastiki walipata malalamiko dhidi ya daktari Larry Nassar katikati ya 2015 na FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, wakaambiwa Julai mwaka huo. Umma ulijua Septemba 2016, kupitia gazeti, na katikati hapo aliendelea kutibu wasichana. Ripoti ya mkaguzi wa serikali ya 2021 ilionyesha maofisa wa FBI walikalia taarifa ile. Kama FBI walilala, jalada lako linaweza kulala pia.

Jumatatu moja kila wiki mbili, mpigie mpelelezi. Uliza: mashahidi gani wamehojiwa, vielelezo viko wapi, jalada limekwenda kwa Wakili wa Serikali? Andika jibu. Kimya cha mwezi mmoja, panda: OC-CID (mkuu wa upelelezi wa wilaya), kisha OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kisha RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa) na RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), kila mara kwa barua yenye RB na muhtasari wa tarehe ulizopiga. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka nayo hupokea malalamiko. Ukiombwa "mafuta ya gari" ili mtuhumiwa akamatwe, hiyo ni 113 tena.

## Hatua ya 8: Mahakamani

Ushahidi wa kesi hizi hutolewa faragha. Mwambie mtoto mapema kwamba watu watatolewa nje. Mtoto mdogo huahidi kusema kweli na kutosema uongo, kwa hiyo afahamu maana ya ahadi hiyo, lakini usimkaririshe ushahidi. Apumzike, ale, afike saa moja kabla.

Kinachoua kesi zaidi ni shahidi kutopatikana. Familia za uvuvi huhama mwalo kufuata samaki na dagaa, namba ya simu inabadilika, wito unarudi bila kusainiwa, na baada ya kuahirishwa mara kadhaa shauri linaondolewa. Ukihama, mpe mpelelezi na Wakili wa Serikali namba mpya na ya jirani mmoja asiyehama. Msaada wa kisheria wa bure upo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia kwa msajili msaidizi katika halmashauri.

Hukumu ikitoka, omba nakala yake na uipeleke TFF na Baraza la Michezo. Hawaipati wenyewe. Mshtakiwa akiachiwa huru, nenda kwa Wakili wa Serikali wiki hiyohiyo: rufaa hukatwa na Jamhuri, siyo wewe, na siku zake zinahesabika.